Machungwa ya Mapumziko

Mimi mpira siupendi. Nilisema hivyo zamani na nasema tena, maana kila nikihadithia msimu ule watu hudhani nilikuwa shabiki. Sikuwa. Nilikuwa mke wa mtu, na mtu mwenyewe alikuwa amekonda kwa huzuni, basi nikafanya lile lililonifika mkononi, nalo lilikuwa kumenya machungwa.

Unguja mume wangu alikuwa mwalimu wa jiografia na michezo. Tokea siku ya harusi nilimwita Mwalimu, na mtaa mzima ulimwita hivyo hivyo. Yakaja Mapinduzi, tukaondoka, na baada ya kuhangaika huku na huku tukajikuta Lewisham, chumba kimoja cha juu, yeye akisukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini, mimi nikishona mapazia kiwandani. Vyeti vyake vilikaa ndani ya sanduku chini ya kitanda, kwani huku havikutambuliwa. Jioni moja nikamwambia, "Mwalimu, chakula tayari," naye akajibu bila kuinua uso, "Usiniite hivyo tena, bibie. Mwalimu gani asiye na wanafunzi?" Sikumwita hivyo tena. Nililia kwenye bafu la nyumba nzima mpaka mpangaji wa chini akagonga mlango akitaka kuoga.

Alikuwa akienda chuo cha ufundi jioni mbili kwa wiki, kujifunza uchoraji wa majengo. Hapo ndipo aliposikia kwamba timu ya mpira ya chuo haina kocha mkuu. Wa mwisho alikuwa amesusa, na wa kabla ya huyo pia. Timu yenyewe ilisifika kwa ugomvi. Wakifungwa walilaumiana, wakilaumiana walisusa, na kila mwaka ikifika Januari hubaki watu saba na mechi huenda bure kwa wapinzani. Mkuu wa chuo, mzee wa Kiingereza mwenye sweta lililotoboka viwiko, akamwambia mume wangu, "Jaribu msimu mmoja. Wasiposhuka daraja, nitakupa na vipindi vya michezo vya mchana."

Vipindi vya mchana maana yake darasa, na darasa maana yake mwalimu. Nilielewa mara moja kwamba kilichowekwa rehani pale si mpira, ni lile jina lake.

Desturi yao ni kwamba kocha mkuu ndiye anayeleta machungwa ya mapumziko. Basi nikanunua sokoni machungwa kumi na matatu: kumi na moja ya wachezaji, moja la akiba na moja lake. Alfajiri ya Jumamosi nikachukua kisu changu nilichokuja nacho kutoka nyumbani, nikayamenya kama tunavyomenya kwetu. Ganda la juu linatoka utepe mmoja mwembamba, ule weupe unabaki, halafu unakata kifuniko kichwani ili mtu alibinye na kufyonza. Machungwa ya huku yana ganda nene, na vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, lakini sikukata utepe hata mmoja. Nikayafunga kwenye taulo safi, nikampa.

Alirudi jioni wamefungwa mabao manne kwa bila.

"Na machungwa?" nikauliza, maana hilo ndilo lililokuwa langu.

Akakaa kitandani na viatu vya matope, na siku nyingine kwa hilo angekiona cha mtema kuni. "Wao hukata vipande vinne, na maganda yake," akasema. "Waliyatazama kama mayai ya kuchemsha. Mmoja akaling'ata, likamrukia machoni."

"Na wewe hukujua?"

"Ningejulia wapi? Chungwa si chungwa?"

Tukatazamana. Sote wawili, watu wazima, haikutupitia akilini kwamba duniani kuna watu wanaokula chungwa namna nyengine. Nilitaka kucheka, nikauona mdomo wake ulivyokaa, nikaacha.

Wiki iliyofuata nikakata vipande vinne vinne, kwa hasira, kama mtu anayekata vitunguu vya mke mwenza. Jioni akarudi wamefungwa tena, lakini safari hii na ujumbe. Nahodha wao, kijana fundi bomba mwenye nywele nyekundu, alikuwa ameuliza yale ya kubinya yako wapi.

"Vipande vinaisha mara moja," mume wangu akanieleza, "halafu wanaanza: kosa la nani, kosa la nani. Wiki ile walifungwa mengi, lakini nilipokuwa nikisema hakuna aliyenikata kauli. Kila mmoja alikuwa na chungwa lake mdomoni mpaka kipenga kikalia. Na sauti yangu unaijua."

Naijua. Mume wangu alikuwa mtu wa sauti ya chini, na Kiingereza chake kilikuwa cha vitabuni, cha taratibu. Pale uwanjani makocha wote walipiga kelele. Yeye hakuweza, na hata angeweza asingetaka.

"Kumbe dawa yao ni kuzibwa midomo," nikamwambia. "Ungeniuliza mimi tangu mwanzo."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka ndani ya chumba kile, na kilikuwa kicheko kifupi tu, lakini mimi nilikihesabu.

Basi kila Jumamosi alfajiri ikawa ni mimi na kisu changu. Muuza matunda sokoni alidhani nina mkahawa. Timu ikaanza kutoka sare, mara ikashinda, mara ikafungwa tena, ikawa ya pili kutoka mkiani na ikakaa hapo.

Desemba ikaingia, na Ramadhani nayo. Uwanja hauna taa, kwa hiyo mechi zilianza saa nane mchana, na jua la huku wakati huo huzama kabla ya saa kumi. Jumamosi ya kwanza ya mfungo nikabaki peke yangu na futari ya watu wawili, hasira zikanipanda. Nikatia uji kwenye chupa ya chai, nikachukua tende, nikapanda basi kwenda kumwambia kwamba mke si saa ya ukutani, ya kuachwa nyumbani ikihesabu dakika.

Nilifika mvua inanyesha, kipenga cha mwisho kinalia. Walikuwa wamefungwa moja. Mume wangu alikuwa amesimama kando ya mstari na koti la hospitali, midomo imemkauka. Nikangoja waanze kugombana na kutawanyika kama nilivyosikia. Badala yake wote wakaja wakasimama kumzunguka. Nahodha akatoa ndani ya soksi kipande cha gazeti kilicholowa, chenye saa za kuzama jua, akamuuliza mume wangu, "Bado?" Golikipa alikuwa na chungwa ndani ya glavu yake, limemenywa. Walikuwa wameliweka tangu mapumziko.

Walisimama hivyo zaidi ya dakika kumi, wamelowa chepechepe, na hakuna aliyekwenda kuvaa koti. Wakati ulipofika nahodha akampa lile chungwa. Mume wangu akasema bismillahi, akalibinya.

Hasira zangu sijui zilikwenda wapi. Niliwapenda, wallahi, niliwapenda wote na matope yao.

Mume wangu akaniona. "Umefuata nini huku?"

"Nimekuletea uji."

"Na mvua yote hii?"

"Mvua ya nani? Kunywa."

Januari ikaja ikapita, na hakuna aliyesusa. Mechi ya mwisho ilikuwa Aprili. Walitakiwa washinde, wakatoka sare, wakashuka daraja. Mume wangu alirudi nyumbani, akaosha kipenga kwa maji moto, akakitia kwenye bahasha pamoja na ufunguo wa stoo ya mipira. Jumatatu niliomba ruhusa kiwandani nikaenda naye chuoni, kwa sababu sikutaka aingie mle peke yake.

Mkuu wa chuo akaipokea bahasha, asiifungue.

"Mmeshuka," akasema.

"Tumeshuka," mume wangu akajibu. "Na makubaliano ni makubaliano."

Yule mzee akatugeuzia daftari la mahudhurio ya timu lililokuwa mezani. Lilijaa alama za kuhudhuria, safu kwa safu, hadi Jumamosi iliyopita. "Tangu nije chuo hiki hatujawahi kumaliza msimu na watu kumi na mmoja," akasema. "Tumeshuka, tutapanda. Hili sijawahi kuliona." Akaisukuma bahasha ikarudi upande wetu. "Vipindi vinaanza Septemba." Halafu akanitazama mimi. "Nahodha alikuja asubuhi. Wanataka kujua kama machungwa yataendelea."

Nikamwambia, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, kwamba mimi mpira siupendi. Kisha nikamgeukia mume wangu. Alikuwa ameishika ile bahasha kwa mikono miwili.

"Mangapi safari hii, Mwalimu?" nikamuuliza.

Hakunikataza.

"Kumi na manne," akasema. "Moja lako."