Kibla Si Huko

Siku hiyo tulikuwa mimi, mdogo wangu anayenifuata, bibi wa nyumba ya pili, na paka ambaye hakualikwa. Mdogo wangu alikuja Ngamiani kutoka Maramba alikoolewa, kaleta mkungu wa ndizi na neno jipya: yoga. Alijifunza kwenye simu baada ya kujifungua, ikamnyoosha kiuno, sasa ilikuwa zamu yangu.

Mgongo wangu ulikuwa umegoma. Tangu wazazi walipofariki nikaacha shule darasa la sita, nimeishi nimeinama: kwenye mbuzi ya nazi, kwenye karai la mihogo, kwenye beseni la nguo za wadogo zangu. Wao wamesimama, namshukuru Mungu. Mimi ndiyo nikawa sinyooki wala sikunjiki, mpaka nikawa nasali kwenye kiti. Sikulalamika, ila kila nilipouona mkeka, paji langu la uso lilikuwa na hamu nao.

"Dada, kaa chini, miguu mbele, mgongo wima."

"Hivi ndivyo ninavyokuna nazi."

"Basi leo kaa bila nazi. Vuta pumzi. Taratibu, hakuna anayekunyang'anya."

"Mimi niliyekufundisha kutembea, leo unanifundisha kupumua?"

"Kutembea ulinifundisha vizuri. Kupumua hukuwa na nafasi."

Tukapiga magoti, mikono chini, kama mtu anayesugua sakafu. Hilo nililiweza hata bila mwalimu. Kisha akaniambia nikalie visigino, niiname mbele juu ya mto. Nikashuka kidogo kidogo. Mgongo ulinung'unika, haukukataa. Akauvuta mto polepole, na paji langu likagusa mkeka. Nikabaki pale nanusa ukindu, sitaki kuinuka.

Ndipo bibi alipoingia kuomba chumvi. Hodi yake huipiga akiwa tayari ndani, na siku hiyo hata hiyo hakuipiga. Mdogo wangu alinisimulia baadaye: bibi alisimama nyuma yangu, kandambili mkononi, akisubiri nitoe salamu. Paka alipopita mbele yangu, akamkemea kwa macho. Akasubiri, akasubiri, mwisho akashindwa.

"Mjukuu wangu, Mungu akukubalie," alisema kwa upole. "Ila sijida yako ni ndefu, na kibla si huko. Huko ni chooni."

Mdogo wangu akaanguka ubavu kwa kicheko. Mimi nilichekea mkekani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sasa utainukaje?"

Waliniinua wote wawili. Magharibi ilipoingia nikautandika mkeka upande wa kibla, nikakiacha kiti. Nilishuka polepole, nikasujudu, nikainuka kwa kushika ukuta. Kiti sasa ni cha paka.

Limebaki zoezi la mwisho: kulala chali, macho nimefumba, sifanyi chochote mpaka kengele ya simu ilie. Siku ile nililala kidogo tu, nikainuka kumpa bibi chumvi yake. Siku nyingine niliinukia mihogo, nyingine hodi, nyingine hodi niliyoidhania tu. Nilimwahidi mdogo wangu kwamba nitalimaliza, na yeye hasahau. Kila akipiga simu ni yale yale.

"Shikamoo, dada. Umelala?"

"Nitalala."

"Kwa hiyo deni langu bado."

"Bado, mdogo wangu. Subiri, kuna mtu mlangoni."