Chiriku Aliyepelekwa Siberia

Amefariki mzee wa Kizanzibari aliyefika London baada ya mapinduzi, akaendesha basi Edmonton hadi kustaafu, kisha akahamishia macho yake kwenye ndege. Katika hitima amesifiwa kwa mengi. Mimi namkumbuka kwa aibu yangu, na leo naitoa hadharani, kwani shahidi wake pekee amezikwa.

Mnanijua: nimejifunza ndege peke yangu, vitabuni, na naogopa kukosea kiasi cha kukagua kifuniko cha darubini mara tatu. Septemba moja, kwenye mabwawa ya Walthamstow, niliona kidege chenye kichwa cha kijivu kwenye magugu ya miiba. Kitabuni hakimo. Kitabu changu kilionyesha ndege waliokomaa tu, wote wamevaa kama wanakwenda harusini. Nikapiga kelele. Wenzangu wa kikundi chetu cha watazama ndege, wenye darubini za bei ya gari, walipofika mbio ndege kesharuka. Nikaandika katika daftari la kikundi: mgeni adimu kutoka Siberia. Nikatia saini. Mzee, aliyekuwa kando yangu tangu mwanzo, alisubiri wenzetu waende kunywa chai.

“Mwanangu, umemtazama uso tu?”

“Kichwa kijivu, mzee. Nimeandika kila kitu.”

“Na ule mstari wa manjano bawani?”

Nikapitisha kidole kwenye maandishi yangu: mstari haumo.

“Yule chiriku, kinda wa mwaka huu. Uso mwekundu hajauota bado. Kazaliwa hapa hapa, wewe umempeleka Siberia bila viza!”

“Utawaambia?”

“Mimi? Daftari ulishika wewe, kalamu yako.”

Sikufuta. Kila mwaka mwenyekiti alisoma ugunduzi wangu kwa sauti, nami nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo. Mzee alinisogelea na kikombe chake: “Wa Siberia hajambo?”

Kwenye hitima, mjukuu wake wa kike aliitikia salamu kwa Kiingereza. Mama mmoja akaguna, “Huyu naye wetu? Katoka wapi?” Tukacheka, sisi mabingwa wa kutambua watu kwa mdomo. Binti huyo huyo alikuwa akizunguka na birika na bakuli, taulo begani, akinawisha wageni mmoja mmoja, akianza na wakongwe. Hakuna aliyemwagiza. Mstari wa manjano ulikuwa pale pale bawani, nami kwa mara ya pili nilikuwa nimetazama uso.

Jumamosi nililifungua daftari mbele ya wote, nikakata maneno yangu na kuandika: chiriku, kinda. Mwenyekiti aliuliza nani kanisahihisha. Nikasema, dereva wa basi, miaka mitatu iliyopita. Hakuna aliyenimiminia chai. Kukosea kulinichukua dakika moja. Kulilinda kosa kumenila miaka, na nilidhani huko ndiko kuwa makini.

Wa Siberia hajambo, mzee. Amerudi kwao.