Mzee Caleb na Povu la Watu

Mzee Caleb, jirani yangu, alistaafu reli akahamia kwenye maji machafu. Nyuma ya ploti yetu amepanga mapipa matatu, la kokoto, la mchanga na la makaa. Maji tuliyofulia nguo yanapita humo, yanatoka safi, na hayo ndiyo anayonyweshea sukuma wiki zake. Hapo sina neno, sukuma zenyewe ni tamu. Shida ni kwamba ukiinamia karai tu, huyo hapo, ananusa povu.

"Mama Kui, hujatia dawa ya kung'arisha nguo? Hiyo inaua mboga!"

Mimi nauza mitumba Gikomba, kwa hivyo nafua kila siku, na kila siku nanuswa. Mwanamke mzima!

Jumamosi iliyopita sukuma zikaamka zimekauka, majani manjano tupu. Mzee aliporudi kanisani akatuita wapangaji wote uani, akasimama mbele yetu na shati lake la kwaya, jeupe hadi linaumiza macho.

"Kuna mtu hapa," akanguruma, akinikazia macho mimi, "anapenda weupe kuliko chakula!"

Nikakaza leso kiunoni nimjibu vizuri. Lakini mkewe, Adoyo, alinitangulia. Alikuwa mlangoni na mwiko mkononi, na hata sauti hakupandisha.

"Baba Awiti, hilo shati ulidhani linatakata kwa maombi?"