Kisima cha Eduviges, Jina la Nicanor

Nicanor Ledesma aliaga kwamba anakwenda kununua farasi wawili, na miaka minne ikapita hajarudi. Mkewe, Eduviges, hakuvaa nguo nyeusi wala hakulia mbele za watu. Aliendelea kukaanga mandazi kwa mafuta ya ng'ombe na kuwauzia wachungaji waliokatiza pampa, ile nyika pana ya majani, na kila aliyeuliza habari za mumewe alijibiwa, "Bado anachagua. Mwangalifu sana yule."

Reli ilipofika, mafundi walichimba visima sita. Vyote vikatoa maji ya chumvi, na chumvi hula boila, pipa la injini la kuchemshia maji. Maji matamu yalikuwa kwa Eduviges peke yake. Na desturi ya reli hata mbuzi waliijua: anayetoa ardhi au maji ndiye anayechagua jina la stesheni.

Don Fermín Achával, tajiri mwenye ng'ombe wasiohesabika na masharubu ya kutosha watu watatu, alimwahi kabla ya mhandisi wa reli.

"Mama, kisima toa wewe, jina liwe Achával. Nitakujengea nyumba ya matofali, vyumba vinne."

"Ng'ombe wote hawa wana chapa ya jina lako matakoni, Don Fermín. Bado hujatosheka?"

Mhandisi alipofungua daftari na kuuliza aandike jina gani, Eduviges alijibu bila kupepesa macho: "Nicanor Ledesma."

Jirani yake Tomasa, mfua nguo, nusura azirai.

"Una wazimu wewe! Mwanamume kakutoroka, unampa mji mzima? Na ile nyumba ya matofali je?"

"Shoga, humjui Nicanor. Hajawahi kupita mbele ya kioo asisimame. Jina lake mwenyewe ndilo atalipita?"

Tomasa alicheka mpaka akakaa chini. Eduviges naye alicheka. Ila hasira alikuwa nazo, aibu alikuwa nayo, na juu ya yote hayo alimtaka mumewe arudi.

Mji ukaota pale: duka la mikate, kinyozi, kanisa lisilo na kengele. Watu wakajiita Waledesma bila kumwona Ledesma yeyote. Kila treni ilipoingia, kondakta aliita, "Nicanor Ledesmaaa!" na Eduviges akatoka na sinia lake, akikagua mlango mmoja mmoja wa mabehewa. Miaka mitano alifanya hivyo. Mandazi yalinunuliwa, hilo halikuwa tatizo.

Siku moja ya vumbi akashuka mwanamume mwembamba, kofia mkononi, farasi hana hata mmoja. Kinyozi akamuuliza yeye nani.

"Nicanor Ledesma," akasema kwa sauti ndogo.

"Na mimi ndiye treni!" kinyozi akajibu, na stesheni nzima ikaangua kicheko.

Eduviges hakucheka. Matusi ya miaka tisa alikuwa ameyapanga vizuri, makali yakitangulia. Yote yakamtoka kichwani.

"Farasi niliwapoteza kwenye karata hata sijawapanda," Nicanor alisema. "Mara mbili nilifika karibu, nikaona haya kurudi mikono mitupu. Eduviges, mtu aliyekukimbia, jina lake umelipandishia nini juu ya ubao wa stesheni?"

"Ili ujue pa kushuka, mpumbavu wewe."

Akamtwika sinia la mandazi, kwa maana treni ilikuwa karibu kuondoka na abiria wa mabehewa ya nyuma walikuwa hawajauziwa.