Mvua Iliyoishia Korongoni

Saa tatu kasoro dakika tano asubuhi, Justina Mayige anaegemeza jembe kwenye ukuta wa darasa la pili, anajifuta mikono kwenye kanga na kutazama saa ya simu yake. Anasubiri. Saa tatu inapotimia anapiga magoti kwenye udongo mweusi uliopasuka nyuma ya shule, ndani ya uzio mdogo wa waya. Anaondoa faneli juu ya silinda ya bati iliyochimbiwa ardhini na kutoa chupa iliyomo.

Chupa ni kavu. Hata hivyo anaiinamisha juu ya bilauri ya kioo yenye mistari, anainyanyua bilauri hadi usawa wa macho, kisha anaandika kwenye daftari: 0.0.

"Lazima umimine hata kama unaona hakuna kitu," anasema. "Ukishazoea kuandika bila kupima, siku moja utaandika uongo."

Anatuma ujumbe wa simu wenye namba ya kituo na milimita za mvua, basi. Kazi imekwisha. Anachukua jembe lake na kuondoka bila kupita mbele ya shule, ambako wanawake wawili wanachota maji bombani.

Justina ana miaka 49. Ni mjane, mama wa watoto watatu, mkulima wa pamba na mahindi katika kijiji cha Mwasilunga, kata ya Sapiwi, mkoani Simiyu. Alisoma hadi darasa la saba. Miaka sita iliyopita watu wa mradi mmoja wa kukabili upungufu wa chakula walifika na vipimamvua, kimoja kwa kila kijiji, wakatafuta mtu wa kukisoma. Walimchagua yeye kwa sababu mwandiko wake unasomeka.

Posho ni shilingi 25,000 kwa mwezi. Hakuna Jumapili wala sikukuu. Siku aliyomzika mumewe, alikwenda kupima kwanza.

"Watu waliona vibaya," anasema. "Lakini ilikuwa imenyesha usiku ule. Nani angeipima?"

Mvua ya huku ina tabia ambayo mgeni huichukulia kama mzaha. Inaweza kunyesha kata ya Nkololo hadi ng'ombe wakakwama tope, na Sapiwi vumbi likaendelea kupaa. Inaweza kulowesha nusu ya shamba la mtu mmoja. Hapa Mwasilunga kuna korongo linalokatiza kijiji, upande wa magharibi kuna shule na kipimamvua, upande wa mashariki kuna kaya 63 na mbuga nzuri ya kulimia pamba. Kutoka kwenye kipimamvua hadi nyumba ya mwisho ya mashariki ni kama kilomita tatu. Wazee wanakumbuka miaka ambayo mvua ilifika korongoni ikageuka.

Kaka yake Justina, Bundala Mayige, alikuwa akiishi mashariki.

Msimu wa mwaka juzi mvua za vuli zilichelewa, zikaja kwa matone. Siku chache kabla ya Januari kwisha, kipimamvua kilikuwa kimekusanya milimita 117 kwa miezi mitatu. Utaratibu wa mradi ulikuwa ukijulikana na kila mtu: kijiji ambacho hesabu yake ya miezi hiyo haifiki milimita 150 kinaingizwa kwenye orodha ya kupewa mahindi ya chakula na mbegu za kurudia kupanda. Kinachovuka hapo hakiingizwi.

Tarehe 28 Januari, mchana, Justina alikuwa akipalilia shambani kwake karibu na korongo. Wingu lilitokea upande wa Bariadi mjini, likafunga. Mvua ikashuka nzito. Alikimbilia chini ya mkokoteni wa jirani.

"Nilikuwa nimelowa hadi mgongoni," anasimulia. "Nikatazama ng'ambo, nikamwona kaka amesimama shambani kwake. Jua linamwakia. Ananitazama mimi na mvua yangu. Akanipungia mkono, nami nikampungia. Nilijua inavuka. Nilisema moyoni, subiri kidogo kaka, inakuja."

Haikuvuka. Ilipokatika, maji mekundu yalikuwa yakipita korongoni, na ukingo wa pili ulikuwa bado mkavu.

Asubuhi iliyofuata alikuta wanaume wawili wamemtangulia kwenye uzio. Mmoja alikuwa Joakim, mwenyekiti wa kijiji. Mwingine alikuwa Bundala. Walisalimiana kwa Kisukuma kama ndugu wa siku zote. Kisha akapima mbele yao. Milimita 41.

Joakim hujumlisha haraka. "Mama Deo," alimwambia, "hiyo inatupeleka 158."

"Naona, mwenyekiti."

"Mashariki hawakupata hata tone. Unajua wewe mwenyewe, uliona."

"Niliona."

"Basi andika kumi na moja. Hakuna aliyesimama hapa ila sisi. Kumi na moja, tunabaki chini, watu wanakula."

Justina anasema alimtazama kaka yake, ambaye alikuwa amevua kofia na kuishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyekwenda kuomba ofisini.

"Justina," Bundala alisema, "mimi sijawahi kukuomba kitu. Mama yuko kwangu. Unajua ghala langu lilivyo."

"Nilimwambia, kaka, hiki chombo kimepata arobaini na moja," anasimulia Justina. " Nikiandika kumi na moja leo, kesho nitaandika nini? Wakija kukagua wakakuta nadanganya, watakiondoa, na mwaka wa njaa kubwa hatutakuwa na wa kutusemea. Nilisema nitawaeleza wenye mradi kwamba mashariki haikunyesha. Nitawaeleza kwa maneno. Niliamini watasikia."

Aliandika 41.0. Halafu, chini ya namba, aliongeza kwenye ujumbe wa simu: *Mashariki ya korongo haikunyesha kabisa, watu wana shida.* Baada ya dakika moja simu ilirudisha jibu: *Ujumbe haukutambuliwa. Tuma namba tu.*

Alijaribu mara tatu. Mara ya nne alituma namba tu.

Mwezi Machi orodha ilitoka. Mwasilunga haikuwemo. Vijiji viwili vya jirani vilipata mahindi, na watu wa mashariki waliona malori yakipita barabarani bila kupunguza mwendo.

Magharibi walivuna kidogo, lakini walivuna. Justina alipata magunia matano ya mahindi. Bundala hakupata gunia hata moja, na pamba yake iliota kufikia magotini ikakauka ikiwa imesimama. Alikuwa na ng'ombe wanane. Sita aliwauza mnadani mmoja mmoja. Ng'ombe ambaye mwaka mwema angechukuliwa kwa laki saba, aliondoka kwa laki mbili na nusu, maana kila mtu alikuwa anauza. Wawili waliobaki, ambao walikuwa wa kuvuta plau, walikufa kwa kukosa malisho.

Justina alipeleka magunia mawili kwa kaka yake kwa mkokoteni. Kesho yake aliyakuta yamewekwa pembeni ya njia, upande wake wa korongo, yakiwa yamefungwa vilevile.

"Baadaye nilikuwa nampa wifi yangu kwenye ndoo, tukikutana bombani," anasema. "Ng'washi alikuwa akiyapokea kimya kimya, anafunika na nguo. Nadhani kaka alijua. Lakini hakuona, basi aliweza kuvumilia."

Maneno nayo yalianza. Wapo waliosema lile bati ndilo linaloita mvua, na kwamba Justina hulisemesha alfajiri ili mvua isivuke. Asubuhi moja alilikuta limejazwa mchanga. Siku nyingine lilikuwa limefunikwa na chungu kilichovunjika. Kwenye jumuiya ya kanisa, viti vya kulia na kushoto kwake vilibaki vitupu.

Joakim hakatai kwamba alisikia maneno hayo. "Niliwaambia waache," anasema. "Lakini mtu mwenye njaa ukimwambia aache kusema, umemwachia nini? Na mimi mwenyewe nilikuwa na hasira naye. Sitaki kukudanganya."

Mwezi Septemba mama yao, Salu, alifariki. Alikuwa amevuka miaka themanini na kifua kilimsumbua siku nyingi. Justina ni mwangalifu anapolizungumzia jambo hilo.

"Hakufa kwa njaa. Alikufa kwa kifua. Daktari aliandika hivyo na mimi siwezi kuandika tofauti. Lakini mwili ulikuwa umepungua sana. Nilimnyanyua kumgeuza nikamsikia mwepesi kama mtoto."

Wakati wa mazishi, zamu ya watoto kutupa udongo ilipofika, Justina alisogea kaburini. Bundala alisimama mbele yake. Hakupaza sauti, na wengi waliokuwapo wanasema hawakusikia. Ng'washi alisikia.

"Alimwambia, 'Na hii nenda kaiandike,'" anasema Ng'washi. "Halafu akampisha. Wifi akatupa udongo. Mwingi ukamwangukia miguuni."

Wiki mbili baadaye Bundala aliondoka. Yuko Lamadi, kandokando ya ziwa, anabeba magunia ya dagaa kutoka mwaloni, wanakoshushia samaki, hadi kwenye magari. Anatuma pesa kidogo kwa mkewe. Simu ya dada yake hapokei.

Ya mwandishi wa makala haya aliipokea. Aliulizwa kuhusu dada yake.

"Mdogo wangu hakusema uongo," alisema. "Hilo ndilo linalonitesa. Angekuwa mwongo ningejua la kufanya naye."

Alipoulizwa kama atarudi kulima, alisema jua la Mwasilunga linamjua na yeye analijua, kisha akaaga kwa upole.

Justina anasema baada ya mazishi alifikiria kurudisha bilauri na daftari. Alivifunga kwenye mfuko, akafika nao hadi barabarani kusubiri gari la Bariadi. Gari lilipokuja hakupanda.

"Nilijiambia, nikiacha, nitakuwa nimesema nilikosea. Na sikukosea kupima. Nilikosea kudhani kipimo kimoja kinatosha watu wote."

Badala yake aliokota chupa za maji zilizotupwa, tano. Alizikata vichwa, akavipindua kuwa faneli, akabandika rula za shule ubavuni. Akavuka korongo kuzitega. Nyumba tatu zilimkatalia. Chupa moja aliikuta imekanyagwa, nyingine ilipotea. Ng'washi ndiye wa kwanza aliyemruhusu kuchimbia moja uani kwake, nyuma ya ghala lililobaki tupu.

Sasa kila siku akimaliza shuleni anavuka kwenda mashariki, mwendo wa karibu saa nzima kwenda na kurudi, kazi ambayo hailipwi. Daftari la chupa analinunua mwenyewe. Ukifungua ukurasa wa Novemba iliyopita unakuta siku moja imeandikwa hivi: shule 22, kanisani 9, kwa Ng'washi 0.

Amelipeleka daftari hilo wilayani mara mbili. Ofisa aliyelipokea, ambaye aliomba asitajwe jina kwa kuwa si msemaji, anakumbuka.

"Hatupingi alichoandika," alisema. "Lakini chupa ya maji si kifaa tunachoweza kukitegemea kutoa uamuzi. Tumeomba kipimamvua cha pili kwa ajili ya mashariki. Kikipitishwa, kitafika kabla ya vuli."

Alipoulizwa kisipopitishwa itakuwaje, alisema itabidi kusubiri mwaka mwingine.

Mwaka huu masika haijakaa vizuri. Kwa macho tu unaona mahindi ya magharibi yamejikunja majani, na ya mashariki mengi hayajafika kiunoni. Hesabu ya mradi ya miezi ya masika haijafungwa. Justina hasemi inaelekea wapi, kwa kuwa akisema watu watakuja tena kwenye uzio.

Uani kwa Ng'washi, wanawake hao wawili wanachuchumaa mbele ya chupa. Ng'washi hakumaliza darasa la nne. Namba nzima anazisoma bila shida, lakini nukta zinamchanganya, hivyo Justina anamchorea rula kubwa mchangani kwa kijiti.

"Hapa?"

"Tatu," anasema Ng'washi.

"Imepita tatu kidogo. Vimistari vingapi?"

Ng'washi anahesabu kwa kidole. "Viwili. Tatu nukta mbili."

"Ndiyo, wifi."

Justina anafuta mchanga kwa kiganja na kuchora upya. Amekwishawaambia wa wilayani kwamba kipimamvua cha pili kikifika, yeye asipewe, hata wakiongeza posho. Anataka kisomwe na Ng'washi, na kabla ya Oktoba anataka awe anasoma bila kusahihishwa.

"Mimi nikisema mashariki haikunyesha, wa mashariki wanasikia kama nawasikitikia, na wa ofisini wanasikia kama nawatetea," anasema. "Nataka siku isiponyesha huku, atoke mtu wa huku aseme kwa namba. Mimi nibaki na lile la shule."

Ng'washi amechukua kijiti na anachora rula yake mwenyewe, polepole, akianzia sifuri.