Siku Niliyowaozesha Ndugu Wawili Mbele ya Watu wa Amu

Wenzangu, bora mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwa wengine: wapo wazee pale Amu ambao mpaka leo tukipishana ndiani wananipa mkono vizuri, wananiuliza habari za kazi, halafu wanasema kwa upole kabisa, "Na dadako, Athumani, hajambo?" na mimi sina dada, sijapata kuwa naye, mama yangu alizaa wanaume watupu. Anayeulizwa hapo ni mke wangu. Na mimi hujibu kwamba hajambo, nikaendelea na safari yangu, maana nifanye nini, aibu nimeitafuta mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya sitini, bendera mpya imeshapandishwa, na mambo ya dunia yanatufikia mojamoja kwa boti, na mojawapo ni sinema. Alikuwapo fundi mmoja wa Mombasa, Sudi, mtu mpole mwenye mashine yake na mabati yake ya kutilia picha, akija Amu hukodi ghala la zamani la mbata, huziba madirisha kwa mikeka ya Kipungani mpaka jua la alasiri lote likabaki nje, hutundika shuka jeupe ukutani, jenereta likaanza kunguruma uani, na picha ikaanza. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, pazia katikati, na watoto mbele kabisa chini. (Harufu ya mbata haikupata kutoka mle ndani. Mimi mpaka sasa nikinusa nazi kavu naona kama nitaambiwa nikae, picha inaanza.)

Basi wazazi wakaingiwa na wasiwasi, na walikuwa na haki, wakasema picha yoyote kabla haijaonyeshwa watoto sharti mzazi mmoja aitazame kwanza, atoe hukumu. Wakanichagua mimi. Kwanza nilijulikana kwa ukali, na pili nilikuwa nauza katika duka la vitambaa la tajiri wa Kihindi, kwa hiyo watu wakaamini kwamba Kihindi nakijua. (Kihindi changu kilikuwa cha kupimia vitambaa vya doria na marekani, basi. Baadaye nikaja kujua kwamba hata hicho kidogo nilichookota dukani hakikuwa lugha ya picha zile, ni nyingine kabisa.)

Kazi ile niliipenda, siwafichi. Nilikuwa nakaa barazani asubuhi, watu wananizunguka, nami nasema, "Hii ina adabu, mtoto anamsomesha mdogo wake, waleteni," au, "Hii ina nyoka mkubwa, wadogo wataota," au, "Hii ni nzuri ila kuna mtu analewa, ukiona anashika chupa mtoe mtoto nje akanywe maji, ukirudi utamkuta ameshatubu." Na watu wanatikisa vichwa kana kwamba nimesoma mbali. Nilisahau kwamba nilikuwa nikihukumu kwa kuangalia tu, kama mtu yeyote mwenye macho.

Siku ya mkasa, boti ilichelewa. Sudi aliingia ghalani na picha mpya alasiri imeshaadhiniwa, watoto wamekwisha kukaa, wameoga, wamevaa nguo za sikukuu, na binti yangu Salma yuko katikati yao, shingo ameinyoosha kama kuku wa kishingo.

Sudi akanivuta pembeni. "Bwana Athumani, leo hakuna nafasi ya kuitazama kwanza. Na Maalim Badi amekuja."

Nikageuka nikamwona. Maalim Badi ndiye aliyewasomesha Kurani karibu watoto wote wa mtaa wetu, na baba zao kabla yao, na hakuwahi kutia mguu mle ghalani. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, bakora kati ya magoti, amekuja kujionea kwa macho yake kama sinema ni jambo la kuachwa au la kukatazwa.

"Akikataza yeye," akasema Sudi, "mashine yangu haitarudi tena Amu."

Mtu mwenye akili angewarudisha watoto nyumbani. Mimi nikawaangalia wale watoto, nikamwangalia Salma, nikasema (na hapo ndipo nilipoanza kujichimbia shimo), "Washa. Nitasimama kando ya shuka niwafasirie watu, na penye jambo lisilofaa nitalisawazisha palepale."

Picha ikaanza, na wallahi ilikuwa picha. Alikuwapo mama mjane na ng'ombe wake mmoja na kijana wake mmoja, mama anakamua maziwa alfajiri, anauza, anamsomesha kijana, na uso wa yule mama ukijaa shuka zima unaona kila mkunjo. Kufikia hapo tafsiri yangu ilikuwa safi, maana hakukuwa na la kufasiri.

Kijana akakua, akaenda kisimani, akamkuta msichana anateka maji. Wakatazamana. Wakazidi kutazamana. Maalim Badi akakohoa.

"Ni dada yake," nikasema. "Hawajaonana siku nyingi."

"Alaa," akasema Maalim, na bakora ikatulia, nami nikajiona hodari.

Mara wakaanza kuimba. Kijana huku, msichana kule, mti katikati, wanazunguka, shela ya msichana inapeperuka, na kijana akaishika ncha yake. Nikapaza sauti kushinda wimbo, nikasema kaka anamuusia dada yake awatii wazee na asikae sana juani. Wimbo ulikuwa mrefu, wenzangu, na wasia ukaniishia mapema, ikabidi niongeze habari za usafi wa visima. Upande wa wanawake nikasikia mtu anacheka ndani ya buibui.

Kisha akatokea baba wa msichana, tajiri mwenye masharubu na lango kubwa, akamfukuza yule kijana. Kwa kuwa nilishasema ni ndugu, yule akawa baba wa wote wawili, sikuwa na budi, nikasema, "Baba yao amekasirika, kijana amemwacha ng'ombe bila majani." Halafu yule mama mjane akavaa nguo yake nzuri, akachukua sinia la vitamu, akaenda peke yake kwenye mvua mpaka kwenye lile lango, na tajiri akalisukuma sinia, vitamu vikamwagika matopeni. Sasa kama kijana na msichana ni ndugu, hawa wawili ni nani? Nikasema ni mtu na mkewe, wamegombana kidogo, mambo ya nyumbani.

Mle ndani mkawa na mnong'ono. Mtu mmoja nyuma akauliza kama huyu si mjane, mbona ana mume, nami nikajifanya sikusikia.

Halafu, ghafla, ikawa harusi. Ngoma, mashada ya maua, moto katikati, na Amu hakuna asiyeijua harusi ya Kihindi akiiona. Bwana harusi akafunuliwa uso, ni yule kijana. Bibi harusi akafunuliwa, ni yule msichana.

Vichwa vyote vikaliacha shuka, vikanigeukia mimi. Jenereta tu uani.

Maalim Badi akasema bila kuinuka, "Athumani. Huyu amuoa dadake?"

"Hapana, Maalim," nikasema. "Imegundulika sasa hivi. Msichana si dada yake wa kuzaliwa, aliokotwa."

"Imegundulika wakati gani? Mimi nimekaa hapa, sikuona mtu akisema."

"Wamesema upesi upesi, Maalim."

Watu wakaanza kucheka, lakini Maalim hakucheka, yeye lilimwingia kama suala la dini. "Haya, aliokotwa. Alelewa nyumba moja na huyu. Wamenyonya ziwa moja au hawakunyonya? Kama wamenyonya, hapana ndoa hapo."

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikasema, "Hakunyonya, Maalim. Alipewa maziwa ya ng'ombe."

Ghala lilianguka kwa kicheko. Watu wazima walishikana mabega, kwenye benchi la watumishi wa serikali kuna aliyeteleza mpaka chini, na Sudi pale kwenye mashine alikuwa ameinama kama mtu aliyeshikwa na tumbo, ila yeye hakuwa akicheka, alikuwa akiona riziki yake inazama. Maalim Badi akasimama. Akapiga bakora sakafuni mara moja, akasema mashine izimwe na watoto watoke, wala asiwaone tena mahali wanapofunzwa kaka kuoa dada. Picha ikazimika. Watoto wakaanza kuinuka, na mimi bado nimesimama kando ya shuka jeupe tupu, sina pa kuuweka uso.

Ndipo ikasikika sauti kutoka nyuma ya pazia, ya taratibu, nami nikaijua kabla ya neno la pili, kwa sababu ni ya mke wangu, Mwanaisha.

"Maalim, kwa radhi yako. Mimi Kihindi sikijui, lakini mato ninayo, naona. Wale wawili si ndugu. Ni watoto wa jirani, na kijana ameposewa kama watu wanavyoposewa. Yule mama alipeleka posa mwenyewe, na mvua ile, akasukumwa. Mliona alivyofanya? Aliviokota vitamu kimoja kimoja matopeni, akavipangusa, akarudi nyumbani akacheka mbele ya mwanawe, kwa sababu hakutaka ajue kwamba amedharauliwa kwa ajili yake. Mimi nina watoto, na nimewahi kucheka namna ile. Sasa yule tajiri mwenyewe amekubali, na wameoana kwa radhi ya wazee na mbele ya watu. Kama iko aibu hapo mimi sikuiona. Salma wangu nataka aione mpaka mwisho, ajue mama yake hulia wapi." Akaongeza, "Na Bwana Athumani alisema alivyosema kwa kuwachunga watoto wetu. Mimi sina la kumlaumu."

Mimi nilikuwa nimeitazama picha ile ile, nimesimama karibu nayo kuliko wote, na lile la kuokota vitamu sikuliona, nilikuwa nashughulika kutunga uongo.

Maalim Badi aliwaashiria watoto warudi chini. Kisha akakaa. "Washa," akamwambia Sudi. "Na wewe Athumani, ndoo huku ukae hapa kando yangu, na usifasiri."

Tukaitazama mpaka mwisho bila neno la mtu, na kila mmoja akaelewa, mpaka vile vitoto vya mbele. Yule mama alipopokewa na mkwewe mlangoni, akaoshwa miguu, niliona Maalim anajifuta uso kwa ncha ya kilemba, nami nikatazama pembeni kwa heshima, na kwa kuwa wangu mwenyewe ulikuwa umelowa.

Kuanzia hapo hukumu za picha zikawa za Mwanaisha. Sudi akileta bati jipya, humtuma mtu nyumbani, na yeye huenda na wenzake wawili watatu wakaitazama, na barazani wanaume wananingoja mimi niwaletee alichosema, nami nawaletea kama kilivyo, sipunguzi wala siongezi. Naona fahari, kusema kweli. Hakuna aliyepata kuzisoma picha kama yule mwanamke.

Lakini jioni ile ile ya mkasa, tukiwa tunakula, nilimwambia Salma asamehe, baba yake aliwachanganya watoto.

"Hatukuchanganyikiwa, Baba," akasema. "Tulijua ni wachumba tangu pale kisimani."

"Mbona hamkusema?"

Akamtazama mama yake, akanitazama mimi. "Tuliona wewe hutaki tujue. Tukaona tusikuvunje moyo."

Basi nikaapa siku ile, na kiapo sijakivunja: siku hizi nikienda sinema na wajukuu hukaa nao safu moja, hufumba mdomo wangu, na wale wawili wa kwenye picha wakianza kutazamana, mimi ndiye ninayeinamisha macho.