Upande wa Kushoto

Ofisini walimwita Mama Dodoso, na jina lenyewe hakulichukia. Miaka ishirini na miwili alikuwa akijipatia riziki kwa kuuliza watu maswali milangoni: mnalala wangapi chumba kimoja, maji mnachota wapi, mara ya mwisho kuugua ilikuwa lini. Alimjua anayedanganya kwa aibu, na alimjua anayedanganya ili mgeni aondoke upesi yeye arudi kwenye ufuaji wake. Hakumchukia hata mmoja wao. Waliomchemsha damu ni wale wa ofisini wanaodanganya wakiwa wameketi kwenye viti vya kuzunguka.

Utafiti wa mara hii ulitaka kujua kama kutumia simu ya mkononi kunaongeza hatari ya uvimbe wa ubongo. Mumewe alikufa na uvimbe kama huo, na hakuna aliyeweza kumwambia ulitoka wapi. Kwa hiyo kazi hii aliishika kwa mikono miwili.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Kila mgonjwa alikuwa na fomu na bahasha. Fomu iliuliza, pamoja na mengine mengi, mtu huweka simu kwenye sikio lipi. Bahasha ilikuwa na majibu ya hospitali, uvimbe uko upande gani, na haikufunguliwa mpaka fomu ijazwe na kutiwa saini. Tena mhoji hakuruhusiwa kumwambia mgonjwa lolote kuhusu chanzo cha ugonjwa, hata akiulizwa kwa machozi. Na kwa kuwa wagonjwa wenyewe waliujua upande wao, Mama Dodoso alitembea na simu mbovu mkobani. Katikati ya mazungumzo alimpa mtu ghafla, "Hebu pokea," kisha akaangalia mkono unakwenda sikio gani. Ulimi unaweza kupiga chenga, ila mkono una mazoea yake.

Asubuhi moja alikuwa akipanga fomu kwa namba, akafika kwenye rundo la msimamizi wao, ambaye naye alikuwa akihoji. Fomu arobaini na moja. Katika arobaini, sikio na uvimbe vilikuwa upande mmoja. Akachukua za kwake akahesabu: karibu nusu kwa nusu. Akahesabu tena akiwa amesimama. Kisha akachukua fomu moja ya msimamizi, akaenda nyumbani kwa mgonjwa aliyeandikwa humo.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa fundi cherehani, mjane, anayeishi na binti yake wa pekee. Alimkaribisha huku akitoa pini mdomoni.

"Yule kaka alikuja, mpole kweli," alisema fundi. "Alifungua bahasha akaniambia, mama, uvimbe uko kushoto, kwa hiyo simu unaweka kushoto, sivyo? Nikamwambia ndiyo."

"Na kweli unaweka kushoto?"

"Kushoto? Dada yangu, sikio hili halisikii tangu utotoni. Naweka kulia."

"Sasa mbona ulimwambia ndiyo?"

"Si yeye ndiye msomi?" Fundi akacheka kidogo, kisha akaacha. "Akaniambia ni hiyo simu ndiyo iliyoniletea haya. Ya kwangu naitumia kwa ajili ya wateja, mimi nimeshaharibika. Lakini ya binti yangu nimeivunja kwa nyundo. Alilia kama mtoto, na ni mtu mzima anafanya kazi kiwanda cha biskuti. Nimefanya vizuri, au siyo?"

Maneno yalimfika Mama Dodoso mdomoni: hakuna aliyekuambia ukweli, mnunulie nyingine. Lakini kanuni ilikuwa kanuni, naye miaka yote alijivunia kutoivunja. Akasema, "Pole, dada," akaaga.

Hasira aliyoimeza pale aliitapika ofisini.

"Umewajibia watu!" alimfokea msimamizi mbele ya wote. "Umekaa kwenye nyumba za wagonjwa ukawalisha majibu kama uji!"

"Nimewasaidia kukumbuka. Tulia, mama yangu, mkuu anataka fomu mia mbili mwezi huu."

"Usiniite mama yako. Mwanangu angekuwa na haya!"

"Una nongwa tu," alisema yule bwana, hana haya wala hajui vibaya, akarudi kwenye chai yake.

Mama Dodoso alipanda kwa mkuu wa utafiti. Mkuu akasema atalitazama. Kesho yake alipanda tena, na kesho kutwa. Wakamwambia ana kiherehere, wakamwambia atafute pengine pa kufanyia kazi, akawaambia watamtoa kwa kumbeba. Wiki ya nne mkuu alisalimu amri: fomu zote arobaini na moja zifutwe, wahojiwa waulizwe upya. Msimamizi akahamishiwa idara nyingine, kiti chake cha kuzunguka kikimfuata. Mama Dodoso aliteremka ngazi kifua mbele, akachukua fomu mpya, akaanzia kwa fundi cherehani.

Aliyefungua mlango ni binti. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka.

"Mama tumemzika, leo siku ya kumi na moja," alisema binti. "Alianguka hapa hapa, mchana, peke yake. Mimi nilikuwa kazini."

"Pole, mwanangu. Pole sana."

"Jirani alimkuta ameshika simu yake. Tulipoifungua, tukaona amenipigia mara saba. Namba yangu ile ile. Sijui alisahau kwamba yangu aliivunja mwenyewe." Alizungumza bila kulia, akiitazama fomu iliyokuwa mkononi mwa mgeni. "Sasa niambieni. Ilikuwa simu kweli?"

"Hatujui."

"Yule kaka alisema mnajua."

"Alidanganya. Hata sikio la mama yako aliliandika uongo."

Binti aliinua macho kutoka kwenye fomu. Kutoka nyumba ya pili ilisikika redio.

"Wewe ulikuja baada yake," alisema. "Mama aliniambia. Alisema alikuuliza kama amefanya vizuri kuivunja, ukampa pole ukaondoka. Siku ile ulikuwa unajua kwamba kaka amedanganya?"

Mama Dodoso alitafuta kanuni, akaikuta iko pale pale, nzima, imeandikwa ukurasa wa kwanza wa mwongozo uliokuwa mkobani mwake. Alitamani kuichanachana.

"Nilijua," alisema.

Binti alifunga mlango taratibu, na Mama Dodoso akabaki nje na fomu ambayo haikuwa tena na wa kuulizwa.